Sifuri Iliyofichwa na Neno

Mtoto aliyelelewa Silibwet hujifunza kuisikiliza barabara kabla hajajifunza kuisoma. Jioni, wachumaji wakishapimiwa majani yao na vikapu kurudi nyumbani vitupu, lori la majani chai hupanda kilima likiguna kwa gia nzito, na hata aliyekwisha kujifunika blanketi huweza kukwambia limefika kona ipi. Likishuka, mambo hubadilika. Kuna madereva ambao huachia gari liteleze bila gia ili kubana mafuta. Hapo injini haisikiki, husikika magurudumu na upepo tu. Mama yangu, ambaye kwa miaka mingi ameuza sukumawiki, viazi na ndizi chini ya mteremko ulio karibu na kwetu, alikuwa na usemi wake juu ya jambo hili: lori likipanda linalalamika, likishuka linanyamaza, mwogope anayenyamaza.

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na uhakiki wa riwaya, mijadala ya isimu na mashairi ya kuliwaza. Nawaomba radhi kwa kuwa leo ninawaletea hesabu. Makala haya yanasimulia jinsi nilivyoshindwa na swali moja la fizikia nikiwa shule ya upili, jinsi swali hilohilo lilivyonifuata nyumbani miaka kadhaa baadaye, na jinsi lilivyofika hatimaye kwenye meza ya mboga ya mama. Naamini mwishoni mtakubaliana nami kwamba swali lenyewe, tangu mwanzo, lilikuwa la lugha.

Nilikuwa kidato cha tatu, muhula wa kwanza, katika shule ambayo sitaitaja. Tulipewa jaribio kuhusu mwendo katika mstari mnyoofu. Swali la kwanza lilihusu gari linaloanza safari na kuongeza kasi kwa kiwango kisichobadilika cha mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde, kwa muda wa sekunde 6. Tulitakiwa kutafuta kasi lililofikia na umbali liliosafiri. Nilikuwa nimezikariri kanuni zote. Nilizipanga juu ya karatasi kama mtu anayepanga vikombe kabla ya kumimina chai. Kisha nikaanza kutafuta tarakimu za kutia ndani yake. Nikaona 2. Nikaona 6. Nikatafuta ya tatu, maana kanuni zilidai tatu, nisiione. Nikasoma swali mara nne. Mwishowe nikaandika kwa ujasiri wa kijinga kwamba swali halijakamilika.

Tarakimu ya tatu ilikuwemo. Ilikuwa imevikwa neno. Kiingereza cha vitabu vya fizikia kina mazoea ya kusema kwamba gari huanza mwendo kutoka mapumzikoni, na kwamba breki hulirejesha mapumzikoni. Mimi niliyajua mapumziko: ni saa nne asubuhi, kikombe cha uji, kengele. Nilidhani mwandishi wa swali alikuwa akitueleza tu kwamba dereva alikuwa ametoka kupumzika, na kwa kuwa hali ya uchovu ya dereva haikuhusiana na hesabu, nikaliruka neno. Kumbe lilikuwa na maana ya kwamba gari lilikuwa limetulia tuli, kwamba kasi yake ya mwanzo ni sifuri. Sifuri niliyoshindwa kuiona ndani ya swali niliiona siku mbili baadaye juu ya karatasi yangu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu na kuzungushiwa duara.

Muhula ule ulipokwisha niliacha fizikia. Hakuna aliyenilazimisha. Niliambiwa, na mimi nikajiambia, kwamba mimi ni mtu wa lugha. Leo nikiukumbuka uamuzi ule nashangaa: mtu wa lugha alifukuzwa na neno moja, na hakuna aliyeona kinaya chake, mimi nikiwa wa kwanza.

Tuje mwaka wa 2023. Nilikuwa chuoni nikisomea ualimu wa Kiswahili, na likizo ya Agosti ilinikuta nyumbani. Mwaka ule hapakuwa na mtu wa Kericho au Bomet aliyezungumzia barabara bila kushusha sauti. Jioni ya tarehe 30 Juni, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likayagonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara wakiuza bidhaa zao. Watu zaidi ya 50 walifariki. Miaka mitano kabla yake, alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi liliacha barabara kwenye mteremko karibu na Fort Ternan, katika kaunti hiyohiyo, na pale pia zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Hizi si habari za mbali kwetu. Wanawake wa Londiani walikuwa wakiuza vilevile anavyouza mama: meza ya mbao, mwavuli, kigoda, na lami hatua chache mbele ya magoti.

Usiku mmoja mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, aliniletea daftari lake la fizikia mezani.

"Dada, wewe unajua Kiingereza. Hebu nisomee hili swali, sioni linataka nini."

Nilitaka kumwambia kwamba fizikia niliiacha. Lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kuliangukia lile neno: gari linatoka mapumzikoni. Damu ilinienda mbio. Nilivuta kigoda, nikakaa.

Tulikubaliana kwanza tusihesabu chochote. Tulilichukua swali tukalisema upya kwa Kiswahili, kisha pale tulipokwama tukalisema kwa Kikipsigis, kama tunavyosema mambo ya nyumbani. Nilimwambia achore mstari wa barabara, aweke alama ya mwanzo na ya mwisho, kisha aandike pembeni wahusika wa kisa. Wanafunzi wa fasihi tunalijua zoezi hili: kabla ya kuhakiki, orodhesha wahusika. Katika mwendo wa mstari mnyoofu wenye mchapuko usiobadilika, wahusika ni watano tu. Yupo kasi ya mwanzo, ambaye vitabu humwita u. Yupo kasi ya mwisho, v. Yupo mchapuko, a, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde. Yupo umbali, s. Na yupo muda, t. Ukiwajua watatu miongoni mwao, wawili waliobaki hawana pa kujificha.

Baada ya hapo tulifanya kazi ambayo sikuwahi kuonyeshwa darasani: kuwinda tarakimu zilizovaa maneno. Gari likianza kutoka kutulia, u ni sifuri. Likifunga breki hadi likatulia, v ni sifuri. Jiwe likirushwa juu na kuulizwa kimo chake cha juu kabisa, v ni sifuri pia, kwa kuwa pale kileleni jiwe husita kwa nukta moja kabla ya kurudi. Jiwe likiachiliwa lianguke, u ni sifuri, na a inajulikana hata kama swali halikuitaja: ni takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, mvuto wa dunia. Gari likisemwa kwamba linakwenda kwa kasi isiyobadilika, basi a ndiyo sifuri. Na breki zikishikwa, a haipotei bali huwa hasi, maana inapunguza badala ya kuongeza. Mdogo wangu aliandika orodha ile nyuma ya daftari. Kisha akacheka peke yake.

"Kumbe swali huwa linasema kila kitu," akasema. "Linasema kwa mafumbo tu."

Fumbo mfumbie mjinga. Nilikuwa mjinga yule.

Zilipobaki kanuni, zilikuwa nyepesi. Ya kwanza, v = u + at, haisemi zaidi ya kwamba kasi ya mwisho ni ile uliyoanza nayo pamoja na ile uliyoongezewa kila sekunde. Swali langu la zamani lilijibiwa kwa pumzi moja: sifuri, ongeza 2 mara 6, ni mita 12 kwa sekunde. Kwa umbali, tulijiuliza gari lilikwenda kwa wastani wa kasi gani. Lilianza na 0 likamaliza na 12, na kwa kuwa liliongezeka kwa usawa, wastani wake ni 6. Sekunde 6 kwa wastani wa mita 6 kila sekunde ni mita 36. Kanuni ya s = ut + ½at² hutoa jibu hilohilo; ile nusu inayowatisha wanafunzi ni wastani huo uliovaa joho. Ya tatu, v² = u² + 2as, ni ya kumtafuta mmoja wa wahusika pale ambapo muda hautajwi. Basi.

Hata hivyo mdogo wangu hakuridhika. Alitaka kuona. Shuleni kwao, alisema, kilikuwepo kile chombo kinachogonga vitone juu ya utepe wa karatasi, vitone 50 kila sekunde, ili mwanafunzi aone jinsi nafasi kati ya vitone inavyopanuka mwendo unapochapuka. Lakini kilikuwa kimoja kwa darasa zima, na yeye alikuwa amekiona mgongoni mwa wenzake. Asubuhi iliyofuata tulijitengenezea chetu. Tulichukua kigari cha mbao cha magurudumu manne walichokitelezea watoto wa jirani, tukafunga juu yake kopo lililotobolewa tundu dogo chini, tukalijaza maji. Tulirekebisha tundu kwa kijiti hadi likawa linadondosha tone moja kila sekunde. Tulihakikisha kwa saa ya simu, matone 60 kwa dakika. Kisha tukakipeleka kigari kwenye njia iliyoshindiliwa na nyayo, yenye mteremko wa wastani, na kukiachilia tone lilipodondoka.

Mara tatu za kwanza hatukupata kitu. Kigari kilikwenda upande, kopo likapinduka, mbuzi akapita. Mara ya nne kilishuka sawasawa, kikaacha nyuma yake vidoa vyeusi juu ya vumbi. Tulivipima kwa shibiri. Nafasi ya kwanza ilikuwa shibiri moja na ushei. Ya pili, tatu na ushei. Ya tatu, tano na ushei. Ya nne, saba na nusu. Tulitazamana. Moja, tatu, tano, saba. Ukijumlisha hatua kwa hatua unapata 1, kisha 4, kisha 9, kisha 16: kila mara muda uliozidishwa kwa muda. Mraba ule wa t ambao nilikuwa nimeukariri bila kuuamini ulikuwa umelala pale mavumbini, unakauka jua likiupiga.

Jioni ile nilisoma kuhusu mtu aliyetutangulia. Galileo wa Italia aliviringisha mipira ya shaba kwenye mfereji uliochongwa juu ya ubao ulioinamishwa, na kwa kuwa hakuwa na saa ya kuaminika, aliupima muda kwa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni na kuyapima uzito. Alikuta namba zilezile: 1, 3, 5, 7. Alizichapisha mwaka 1638 mjini Leiden, akiwa mzee na kipofu. Lakini kilichonishika mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, ni jambo jingine. Katika kitabu kile, sheria zenyewe za mwendo pamoja na uthibitisho wake aliziandika kwa Kilatini, lugha ya vyuo vikuu vya Ulaya ya wakati ule. Ila kila baada ya sheria, watu watatu huketi kuijadili: wanauliza, wanapinga, wanatoa mifano, na mazungumzo yao yameandikwa kwa Kiitalia, lugha waliyoongea watu wa kwao.

Nililisoma hilo mara mbili. Sheria kwa Kilatini, mazungumzo kwa lugha ya nyumbani. Galileo hakumwambia msomaji wake achague moja. Alijua kwamba sheria inaweza kukaririwa katika lugha yoyote, lakini kuihoji, kuitilia shaka na kuikubali kunahitaji lugha ambayo mtu hugombania ndani yake. Sisi tumerithi Kilatini chetu, yaani Kiingereza cha mtihani, na sina nia ya kukibeza, kwa kuwa mdogo wangu alipaswa kufanya mtihani kwa lugha hiyo. Tatizo letu ni kwamba aghalabu tunamkabidhi mtoto sheria, na mazungumzo tunayaacha nje ya mlango wa darasa.

Msomaji atauliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mazungumzo hayo. Kinayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Neno mchapuko ninalolitumia hapa halikuokotwa angani: mtu huchapua miguu akihofia kunyeshewa, na anayeambiwa achapuke anajua kwamba hatakiwi kwenda kasi tu bali kuizidisha kasi aliyo nayo. Hiyo ndiyo fizikia yake hasa. Mwendokasi nalo lilikuwa neno la kamusi hadi mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam na wananchi wakayabatiza jina hilo. Sasa mama muuza maandazi hulitamka bila kufikiria. Istilahi huishi hivyo: hutoka kabatini, hupanda basi, hushuka sokoni.

Lakini narudi kwenye mteremko wetu, kwa maana hesabu haikuishia kwenye kigari.

Siku ya tatu mdogo wangu alipanda barabara kwa miguu akihesabu hatua. Kutoka pale mteremko unapoanzia hadi kwenye meza ya mama alikadiria mita 400. Kona ya mwisho, ambayo gari likishaipita ndipo mtu aliye mezani anaweza kuliona, ilikuwa mita 100 kutoka mezani. Akaja na daftari. Akasema, tuseme lori limefika juu ya mteremko likienda mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa, mwendo wa pole kabisa. Tuseme breki zimekataa. Mteremko si mkali, basi tuseme unaliongezea nusu mita kwa sekunde kwa kila sekunde tu. Muda hautajwi, kwa hiyo tunamwita mlinganyo wa tatu.

Tuliandika pamoja. Mraba wa 10 ni 100. Mara mbili ya nusu ni 1, mara 400 ni 400. Jumla 500. Kipeuo chake ni 22.4. Lori lililoingia mteremkoni kwa kilomita 36 kwa saa linafika mezani kwa mama kwa takriban kilomita 80 kwa saa.

Tulinyamaza kidogo. Themanini ni namba inayojulikana nchini mwetu. Kanuni zilizotangazwa na waziri wa uchukuzi John Michuki mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004 ziliyataka magari ya abiria na malori mazito ya biashara yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa, na abiria wafunge mikanda. Zilikuwa kanuni njema. Ila kidhibiti mwendo hukaba injini, hakiukabi mteremko. Gari linaloteleza bila breki haliombi ruhusa ya injini.

Kisha mdogo wangu aliuliza swali ambalo hakuna kitabu kilichomuuliza: mama ana muda gani? Lori linapoipita kona, limekwisha kusafiri mita 300. Mia moja, ongeza mia tatu, ni mia nne. Kipeuo chake ni 20. Linatokea konani kwa mita 20 kwa sekunde, linafika mezani kwa 22.4. Tofauti ni 2.4, na kila sekunde linaongezewa nusu. Gawanya. Sekunde 4 na kitu, hazifiki 5.

Ni haki niseme kwamba hesabu ile ina mipaka yake. Mchapuko usiobadilika ni rafiki wa daftari. Barabara halisi hujikunja, mteremko hulegea na kukaza, upepo huzuia, dereva hupambana na usukani na gia hadi dakika ya mwisho. Namba zetu zilikuwa za kukadiria, na tulizichagua kwa upole. Mteremko mkali zaidi au mwendo mkubwa zaidi wa mwanzo ungezipunguza sekunde zile. Hata breki zikiwa nzima, hesabu hiyohiyo inaonya. Tulichukua gari lenye breki ziwezazo kupunguza mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde. Likienda kilomita 40 kwa saa, breki huhitaji kama mita 12 kulitua. Likienda 80, huhitaji kama mita 49. Kasi imekuwa mara mbili, umbali umekuwa mara nne, kwa sababu kasi katika mlinganyo ule imepigwa mraba. Na hapo hatujahesabu ile sekunde moja ambayo dereva huona hatari na mguu wake bado uko safarini kwenda kwenye breki, ambapo gari la kilomita 80 huwa limekwisha kumeza mita 22. Wahenga waliposema polepole ndio mwendo hawakuwa na kipeuo, lakini hawakukosea.

Jioni tulimweleza mama. Alikuwa akimenya viazi. Alitusikiliza kwa ule uvumilivu wa mzazi anayelipa karo.

"Hesabu yenu imemsahau mtu," alisema. "Mteja. Mteja husimama pale gari linaposimama. Mkinihamisha mimi, mtamhamisha na yeye?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba mama hakuiweka meza yake pale kwa ujinga. Aliiweka pale kwa sababu kila hatua moja mbali na lami hupunguza mauzo, na mauzo yale ndiyo yaliyonifikisha chuoni. Wachuuzi wa Londiani nao walikuwa na hesabu yao, na ilikuwa hesabu ya wazima. Ni rahisi kwa mwenye shahada kuwashangaa wanaokaa kando ya barabara. Ni vigumu zaidi kuwaonyesha mahali pengine penye wateja.

Baada ya kimya kirefu, mama aliuliza: "Sekunde nne ni kiasi gani?"

Mdogo wangu alimwambia akae kwenye kigoda kama akaavyo sokoni, na kwamba akisikia neno "sasa" ainuke aende hadi mlangoni, kwa kuwa kutoka kigoda hadi mlango ni kama kutoka meza yake hadi ng'ambo ya mtaro. Mama alicheka, lakini alikaa. Magoti yake si ya jana. Mdogo wangu alisema "sasa" na kuanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika nne mama alikuwa ndiyo kwanza amesimama, mkono mmoja ukishika leso na mwingine ukishika meza. Alipofika saba mama aligusa mlango. Hakuna aliyecheka. Mama alirudi kwenye viazi vyake, na kwa usiku huo mazungumzo yakaishia hapo.

Nilirudi chuoni mwishoni mwa mwezi. Wiki mbili baadaye mdogo wangu alinipigia simu akiwa shuleni kwa ruhusa ya mwalimu, akaniambia kwamba alikuwa amepita nyumbani akaona meza ya mama imehamishiwa ng'ambo ya mtaro, juu ya ukingo, nyuma ya mti mkubwa. Jirani mmoja alikuwa amemfuata. Wengine walibaki palepale. Nilipompigia mama kumpongeza, alisema amehama kwa sababu ya vumbi. Kule chini vumbi lilikuwa linaharibu mboga. Nilikubali. Sikumwambia kwamba vumbi lile lilikuwepo miaka yote.

Mdogo wangu amekwisha kumaliza shule ya upili. Mimi ninajiandaa kusimama darasani nikiwa mwalimu wa Kiswahili, na ninajua kwamba katika darasa langu watakuwepo watoto watakaotoka kipindi cha fizikia wakiwa wamelikwepa neno moja na kudhani wamelikwepa somo. Sitawafundisha fizikia, maana sikuisomea. Lakini nitawapa nafasi ya kulileta swali walilolikwamia, tulisome kama tunavyosoma shairi: nani anasema, nini kimesemwa, nini kimefichwa. Nawasihi wenzangu wa chama hiki, tunapokutana kwenye makongamano yetu kujadili istilahi, tusiridhike na kuhesabu maneno tuliyoyabuni. Tujiulize ni mtoto gani aliyeyatumia kugombana na swali, akashinda.

Kuhusu lori tulilolibuni, hadi leo halijashuka mteremko ule ila katika daftari la mdogo wangu. Namwomba Mungu libaki humo. Lakini kila niendapo nyumbani na kusikia gari likinyamaza kule juu ya kilima, huanza kuhesabu bila kujua, na hufurahi ninapofika nne nikikumbuka kwamba mama yuko ng'ambo ya mtaro.